Makopo yaliyoungua ya Satyajit Ray

Julai 1993 moto uliwaka katika maabara ya filamu ya Henderson, kusini mwa London. Mikanda ya zamani ya naitreti ikishika moto haizimiki kirahisi, na ya humo iliunguza hata vilivyokuwa karibu nayo. Humo mlikuwa na negativu asilia za filamu kadhaa za Satyajit Ray, mwongozaji Mbengali wa Kolkata. Negativu asilia ndiyo mkanda uliopita ndani ya kamera yenyewe. Nakala zote huzaliwa kutoka hapo. Ziliungua zile tatu zinazosimulia maisha ya Apu tangu utoto wake kijijini hadi kuwa baba: Pather Panchali (1955), Aparajito (1956) na Apur Sansar (1959).

London zilikuwa zikipita tu. Zilitoka India kwenda Los Angeles, kwenye hifadhi ya Akademi, ile inayotoa tuzo za Oscar. Mwaka 1992 Akademi ilimpa Ray tuzo ya heshima, naye akaipokea kitandani hospitalini huko Kolkata, wiki chache kabla ya kufariki tarehe 23 Aprili. Waandaaji walipotafuta vipande vya filamu zake vya kuonyesha siku ya sherehe, walihangaika kupata nakala yenye picha safi. Mtu anatuzwa kwa kazi ya maisha yake yote, na kazi yenyewe haitazamiki! Ndipo ukaja mpango wa kuziokoa negativu, na mpango huo ndio uliozipeleka motoni.

Waliokulia Unguja, Dar es Salaam au Mombasa wanazijua picha za Kihindi za akina Raj Kapoor: nyimbo, machozi, na steringi asiyekufa. Za Ray ni za namna nyingine kabisa. Pather Panchali ilipigwa katika kijiji cha Boral na kundi ambalo wengi wao walikuwa wageni wa kazi hiyo. Ray mwenyewe alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa na miaka 21 na hajawahi kushika kamera ya sinema. Fedha zilikatika kila mara, hadi vito vya mke wa Ray vikawekwa rehani. Kile kipande mashuhuri cha Apu na dada yake Durga wakipita kwenye majani ya kaash yenye maua meupe kwenda kulitazama garimoshi kiliachwa njiani. Waigizaji waliporudi wiki iliyofuata, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Ikabidi wangoje msimu mwingine. Mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ililipa gharama zilizobaki, na kwa kuwa jina la filamu linataja njia, fedha zikaingizwa kwenye fungu la ujenzi wa barabara.

Turudi kwenye majivu. Hakuna maabara ya biashara iliyokuwa tayari kuigusa mikanda ile. Hata hivyo kila kopo na kila kipande kilichotambulika kuwa cha Ray kilifungashwa na kupelekwa Akademi, kikawekwa stoo. Kwa hesabu za ofisi yoyote, hizo zilikuwa takataka zinazokula nafasi, na sijui kama mkaguzi wa mali angekubali kuziona zikikaa pale miaka 20. Zilikaa.

Mwaka 2013 kampuni ya Criterion Collection ya New York, inayouza filamu za zamani kwenye diski kwa watazamaji wa nyumbani, iliamua kuzitoa upya filamu za Apu. Wataalamu wake wakafungua makopo yale. Baadhi ya mikanda ilikuwa majivu matupu, mingine imejikunja na kukauka, lakini katikati ya mingine picha zilikuwa bado hai. Ikapelekwa Bologna, Italia, kwenye maabara ya L'Immagine Ritrovata. Huko mafundi waliirudishia mikanda unyevu ili isivunjike, wakakwangua gundi na nta iliyoyeyuka, wakavijenga upya kimoja kimoja vile vitundu vya pembeni ambavyo mashine huvitumia kuuvuta mkanda. Kazi hiyo ya mikono ilikaribia saa 1,000. Negativu ya Pather Panchali iliokoka kwa asilimia 40, na ya Aparajito kwa zaidi ya 60. Ya Apur Sansar haikufaa kitu. Mapengo yakazibwa kwa nakala nzuri zilizokuwa zimetawanyika kwenye hifadhi za Marekani na Uingereza. Kusafisha picha kwa kompyuta kukachukua miezi mingine karibu sita.

Mei 2015 filamu hizo tatu zilionyeshwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York, pale pale Pather Panchali ilipoonyeshwa mara ya kwanza miaka 60 kabla. Novemba mwaka huo diski zikaingia sokoni. Kikwazo ni kwamba diski za Blu-ray mara nyingi hufungwa kwa kanda za dunia, na hizo za Criterion zilikuwa za kanda A, inayojumuisha Marekani. India ni kanda C, na sisi Afrika ni B. Kwa hiyo diski ile haikuchezeka kwenye deki ya kawaida ya mtu wa Kolkata, mji ulioizaa filamu yenyewe. Mteja wa Marekani ndiye aliyelipa, sawa, lakini mimi naliona jambo hilo kama dosari ya kazi nzima.

India yenyewe imeumia vibaya zaidi. Filamu yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara ya 1931, imepotea. P. K. Nair, aliyeijenga hifadhi ya taifa ya filamu huko Pune, iliyoanzishwa 1964, alizunguka vijijini na kwenye maghala akikusanya makopo, na bado mengi yalishauzwa ili mikanda ikamuliwe madini ya fedha yaliyomo.

Mwaka 2014 Shivendra Singh Dungarpur, aliyetengeneza filamu kuhusu Nair, alianzisha Film Heritage Foundation huko Mumbai. Taasisi hiyo imeikarabati Manthan ya Shyam Benegal (1976), inayohusu wafugaji wa Gujarat wanaoanzisha ushirika wa maziwa. Ilipotengenezwa, wafugaji 500,000 ndio walioigharimia kwa rupia 2 kila mmoja. Katika ukarabati, picha zilichukuliwa kutoka negativu ya hifadhi ya taifa na sauti kutoka nakala ya taasisi yenyewe, na sehemu ya kazi ikafanyika Chennai. Mei 2024 ilionyeshwa Cannes. Juni ikaingia kwenye majumba ya sinema ya India.