Ng'ombe Mzazi Mzuri Ametoka Wapi? Historia ya Zebu, Boran na Mpwapwa

Ndugu wafugaji wa Bwejuu, Paje, Jambiani na kwengineko, wengi mnauliza: "Nitafute dume la aina gani ili nipate ng'ombe wakubwa wa nyama?" Ni swali la haki, lakini linamsahau jike. Dume hupanda akaondoka. Anayebeba mimba miezi tisa, akanyonyesha na kuvumilia kiangazi cha maweni ni jike. Kwa hiyo leo tuangalie aina tatu za ng'ombe kwa historia zao, maana historia ndiyo inayotuonesha jike gani anaweza kulea.

Zebu wetu wa asili

Zebu wa nundu ni ng'ombe mdogo. Jike mzima huwa na kilo 200 hadi 300. Hakutengenezwa na kituo chochote cha utafiti. Amechujwa na kupe, mbung'o, jua na majani haba, na aliyeshindwa alikufa bila kuacha ndama. Kasoro zake tunazijua: anakua taratibu, mara nyingi mtamba huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka 4, na maziwa yake ni machache. Lakini anazaa bila kusaidiwa, na majani makavu yanamtosha kuishi.

Mbung'o ndio waliowazuia ng'ombe wa kigeni hapa Unguja kwa miaka mingi, kwa sababu ya ugonjwa wa nagana. Kuanzia 1994 hadi 1997 Serikali, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilimwaga kwa ndege zaidi ya mbung'o madume milioni 8. Madume hao walizalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, na jike akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Tangu hapo mlango wa kuleta ng'ombe wakubwa umekuwa wazi zaidi. Hata hivyo, kupe hawakuondoka, na ndigana kali bado iko nasi.

Boran

Boran asili yake ni kwa wafugaji wa Borana, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wenye mashamba makubwa ya Kenya waliwanunua ng'ombe hao mwanzoni mwa karne iliyopita, wakachagua kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1951 wakaunda chama chao cha wafugaji wa Boran. Hapa Tanzania wanajulikana sana katika Ranchi ya Kongwa, Dodoma. Jike wa Boran anasifiwa kwa kuzaa ndama mdogo anayetoka kwa wepesi kisha akakua haraka, na kwa kumlinda ndama wake.

Lakini Boran wote si sawa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya waliwaweka pamoja, kwenye ranchi ya Galana karibu na pwani, Boran wa mashamba makubwa na Boran wa Waorma wa Mto Tana. Wale wa Waorma walistahimili nagana vizuri zaidi, kwa sababu vizazi vingi vya mama zao viliishi penye mbung'o. Jina ni lile lile, lakini malezi ya ukoo ni tofauti.

Mpwapwa

Aina hii ilitengenezwa nchini mwetu, katika kituo cha mifugo cha Mpwapwa, Dodoma, ili wafugaji wa kanda kavu wapate nyama na maziwa kwa ng'ombe mmoja. Kufikia 1958 mchanganyiko wake ulikuwa hivi: Red Sindhi asilimia 32, Sahiwal 30, zebu wa Tanzania 19, Boran 11, na damu ya Ulaya 8 tu. Angalieni hesabu hiyo. Waliotaka maziwa zaidi hawakukimbilia kuongeza damu ya Ulaya. Sehemu kubwa waliitoa kwa ng'ombe wa nundu wa Bara Hindi, ambao nao wamezoea joto na kupe.

Tunajifunza nini Bwejuu?

Aina zote tatu zinafundisha jambo moja: ng'ombe mzazi mzuri hutokana na majike waliokwisha kuzaa na kulea mahali penye shida kama za kwetu, kisha wakaongezewa ukubwa kidogo kidogo. Kwa hiyo:

1. Anza na jike wako wa zebu anayezaa kwa mpangilio na ambaye ndama wake hafi. Huyo ndiye msingi.
2. Mpandishe kwa dume la Boran au Mpwapwa, si kwa dume la Ulaya lenye mwili mkubwa. Mtamba mdogo akibeba ndama mkubwa, uzazi unaweza kuwaua wote wawili.
3. Mtamba chotara atakayezaliwa anahitaji maji zaidi, majani zaidi na kuogeshwa kwa wakati. Kama huna hivyo, baki na zebu uliyemchagua vizuri.
4. Badilisha dume kabla hajaanza kuwapanda mabinti zake.
5. Ukinunua Boran, uliza alikozaliwa na kama pana kupe wa ndigana. Aliyetoka pasipo na kupe anaweza kufa kabla hajakuzalia.
6. Andika katika daftari tarehe ya kupandwa, ya kuzaa, na hali ya ndama.

Neno la mwisho ni kwa wafugaji na wafanyabiashara pia. Inapokaribia Sikukuu ya Idd mnunuzi humtaka aliyenona, na mara nyingi aliyenona ni mtamba mzuri kuliko wote zizini. Fedha yake huliwa mara moja, na wewe unabaki na wale wasiokua. Mwakani hata mfanyabiashara hapati cha kununua. Uza madume, maksai, na jike anayekaa miaka miwili bila kuzaa ilhali anapandishwa na kulishwa. Mtamba aliyetoka kwa mama mzuri mbakishe zizini.