Mstari wa Majivu

Katikati ya Mei 2025 habari zilitufikia hapa Murungu kwamba fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane ya Morocco, haitachezwa Dar es Salaam. CAF haikuridhika na hali ya nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mchezo ulihamishiwa Amaan, Zanzibar. Jioni ile barazani pale sokoni kahawa ilipoa vikombeni. Wanywaji wote walikuwa wanasema kwa wakati mmoja.

Kijana mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira ndiye aliyekuwa na uchungu kuliko wote. Alisema Mkapa huingiza watu 60,000 na Amaan watu 15,000 tu, kwa hiyo tumenyang'anywa watu 45,000 kwa barua moja. Simba walikuwa wamefungwa mabao 2-0 kule Berkane, na njia pekee ya kuyarudisha, kwa hesabu yake, ilikuwa kelele. Akakumbusha ule msemo wao kwamba kwa Mkapa hatoki mtu.

Mwalimu mmoja mstaafu, Simba wa tangu enzi za jina la Sunderland, alimwacha amalize. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, mwaka 1993 ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa sijazaliwa, Mwalimu."

"Basi tulia. Novemba 1993 tulitoka sare Abidjan na Stella. Tukaja kumalizia nyumbani, Uwanja wa Taifa, watu wamejaa. Tukafungwa mbili bila. Watu walikuwapo wote, na kombe likaondoka."

Nikadhani mjadala umekwisha, maana mwaka 1993 ukitajwa mbele ya Simba wa umri wangu, kila mtu hutazama chini. Lakini palikuwa na Yanga mmoja pembeni, fundi baiskeli, ambaye hakuulizwa neno. Alisema hivi: "Mnagombania nyumba za watu. Mkapa ni ya serikali, Amaan ni ya serikali, na zote mbili zimezungushiwa njia ya wakimbiaji. Ninyi na sisi ni wapangaji katika viwanja vya riadha." Akarudi kwenye kikombe chake. Wenzake walimzomea, lakini mimi neno lake lilinikaa, na nimeendelea kulitafuna hata sasa.

Kwanza nililifanyia hesabu, kwa kuwa hesabu haina timu. Njia ya riadha ya mita 400, ile ya kawaida, ina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84 na ushei kila moja, na ncha mbili za nusu duara zenye kipenyo cha mita 73. Ukilaza ndani yake kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68, mtu aliyekaa ubavuni hapati taabu kubwa: kati yake na mstari zipo kama mita 12, ukihesabu na vichochoro vinane vya wakimbiaji. Taabu iko nyuma ya magoli. Kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa nje wa njia, pale katikati ya ncha, ni takriban mita 36, na jukwaa bado halijaanza. Ndiyo kusema mtu aliyelipa kiingilio cha nyuma ya goli humwona mlinda mlango wake kama sisi tunavyomwona mchungaji ng'ambo ya bonde: unajua ni yeye kwa namna anavyotembea.

Watu wa Kibondo na Kasulu hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam kuyajua mambo haya. Nani kati yetu hakutumwa na mwalimu wa zamu kubeba majivu? Kiwanja cha shule kilikuwa kimoja tu. Wiki ya mpira kilikuwa cha mpira. Yakikaribia mashindano ya UMITASHUMTA, tulizungusha kamba, tukamwaga majivu kuchora njia za wakimbiaji, tukaomba mvua isinyeshe usiku. Asubuhi unakuta mbuzi wamepita katikati ya mita mia. Lakini ikichezwa mechi ya kijiji na kijiji, ile njia ya majivu haikumzuia mtu. Watazamaji waliikanyaga, wakaja hadi kwenye mstari wa pembeni, na mrusha mpira ilimbidi awasukume apate nafasi ya kurudi hatua mbili. Bibi mmoja aliweza kumshika mchezaji shati na kumkemea kwa kukosa goli. Njia ya riadha ilikuwapo, ila ilikuwa yetu, na tuliifuta kwa nyayo zetu wenyewe tulipotaka kuwa karibu.

Sasa njia ya mjini, ile isiyofutika, ilikujaje? Mechi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa zikichezwa Ilala, katika uwanja ambao baadaye uliitwa Karume. Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru siku hizi, uliingia katika historia kwa mlango mwingine kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ndipo bendera ya Uingereza ilipoteremshwa pale na ya Tanganyika ikapandishwa. Haukuanza sifa zake kwa goli la mtu. Tangu hapo njia ile inayozunguka nyasi imepitwa na gwaride kuliko wakimbiaji: vikosi vya majeshi, watoto wa halaiki waliofundishwa kuandika maneno kwa miili yao, magari ya viongozi yanayozunguka polepole ili kila jukwaa lipungiwe mkono. Mkapa aliapishwa pale mwaka 1995, Kikwete mwaka 2005, Magufuli mwaka 2015. Oktoba 1999 wananchi walipanga foleni pale kumuaga Mwalimu Nyerere. Machi 2021 walifika kumuaga Magufuli, na msongamano ukawaua watu 45. Uwanja ambao taifa hufurahia na kulia ndani yake unahitaji njia pana ya kupitisha jeneza na gwaride. Hilo nalielewa, na silipingi. Ninachosema ni kwamba mpira ulikaribishwa humo kama mgeni, nao ukazoea kulala sebuleni.

Kibaya, au kizuri, uwanja mpya nao ukarithi umbo la mzazi wake. Ulifunguliwa kwa mechi mwaka 2007, jirani kabisa na ule wa zamani. Ulijengwa kwa msaada mkubwa wa China, na Februari 2009 Rais Hu Jintao alikuja mwenyewe katika sherehe ya kuukabidhi. Brazil walicheza pale Juni 2010 wakatufunga 5-1. Baada ya Mkapa kufariki Julai 2020 ukapewa jina lake. Viti 60,000, na njia ya wakimbiaji ikazunguka tena. Amaan ni mkubwa wake kwa umri: ulifunguliwa mwaka 1970, nao kwa msaada wa China, ukajengwa upya na kufunguliwa tena Desemba 2023. Njia ikabaki.

Mikoani hadithi ina sura nyingine. Kirumba, Sokoine, Ali Hassan Mwinyi, Sheikh Amri Abeid, Lake Tanganyika wetu wa Kigoma: hivi vyote ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Vilipatikana enzi ambazo chama kilikuwa kimoja na mwananchi hakuwa na sababu ya kuuliza mchango wake unaandikwa kwa jina la nani. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, viwanja vikabaki pale pale. Watu wameliuliza swali hilo bungeni na vijiweni kwa zaidi ya miaka 30, na sitalimaliza mimi. Linatosha kuonyesha kwamba shabiki wa Tanzania huenda kwa serikali, au kwa chama, au kwa tajiri aliyejijengea kama Azam pale Chamazi. Yanga, klabu ya mwaka 1935, ina eneo lake la Kaunda pale Jangwani, ambako mafuriko huingia. Simba, ya mwaka 1936, ina uwanja wa mazoezi Bunju. Mechi wanakwenda kupanga: Mkapa, Uhuru, Chamazi, KMC.

Wazungu waliokuwa na nyumba yao wakaiacha, hao wametupa kipimo cha uchungu. West Ham ya London mashariki ilicheza Upton Park tangu 1904, mahali ambapo nyumba za watu ziliugusa uwanja na shabiki wa mbele alisikia pumzi ya winga. Baada ya Michezo ya Olimpiki ya 2012 palikuwa na uwanja mkubwa wa riadha usio na mwenyeji. Tottenham waliutaka, lakini walitaka njia ya riadha iondolewe. West Ham walikubali ibaki, na mwishowe wakapewa kwa mkataba wa miaka 99. Mwezi Mei 2016 waliaga nyumbani kwa kuwafunga Manchester United 3-2, wakahama. Viti vya kusogezwa viliwekwa juu ya njia, lakini mashabiki wakalalamika kwamba wako mbali. Machi 2018, walipocheza na Burnley, baadhi yao waliruka uzio wakaingia uwanjani kwa hasira. Nilisoma habari ile nikamfikiria yule bibi aliyeshika shati. Hao wa London walikuwa wanajaribu kurudi kwenye mstari.

Na wakimbiaji wenyewe, ambao kwa jina lao tunasogezwa mita 36? Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu huko Tokyo Septemba 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa kifua tu, muda wao ukiandikwa sawa, 2:09:48. Hakuna aliyeshinda kwa Mkapa. Sisemi njia zifutwe. Mtoto wa Mbulu au wa Kibondo anastahili pa kukimbilia kuliko majivu. Nasema tu kwamba wakimbiaji na wapenda mpira wote wawili wanaishi kwa mtu wa tatu.

Mei 25 ilifika. Tulijazana kibandani kwa yule kijana. Simba walipata goli mapema, kupitia Joshua Mutale, na kibanda kikayumba. Kipindi cha pili wakabaki kumi baada ya kadi nyekundu, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Moja kwa moja, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco. Kijana alizima luninga kabla ya medali. "Ingekuwa kwa Mkapa," alisema. Mwalimu hakumjibu. Alimshika bega tu, wakatoka pamoja, na fundi baiskeli, ambaye nilimtegemea acheke, akawapisha mlangoni kimya.

Kuhusu hilo la "ingekuwa kwa Mkapa", nina la kusema kama mtu aliyekulia kwenye redio. Mpira wa utoto wangu ulifika Murungu kwa sauti ya akina Ahmed Jongo wa Radio Tanzania. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi pamoja na maharage ili zipate nguvu ya dakika 90. Kwetu hapakuwa na mita 12 wala 36. Goli lilifungwa sikioni. Wakati Stella wanapata la pili, betri zilikuwa zimechoka, sauti imefifia, na baba mdogo akaegemeza kichwa juu ya redio kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Hakuna shabiki wa jukwaani aliyekuwa karibu kuliko yeye.

Lakini kuna siku nilijua kwamba redio haitoshi. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, ililetwa Lake Tanganyika. Kwa mara moja Dar es Salaam ndiyo iliyopanda basi kuja kwetu. Nilitoka Kibondo alfajiri, zaidi ya kilomita 200, na nilipofika Kigoma tiketi nilizoweza kuzimudu zilikuwa zimekwisha. Nikakaa nje ya ukuta pamoja na mamia ya wengine: wauza karanga, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wawili wa Kasulu waliopanda mti wakateremshwa na askari. Mmoja alikuwa na redio ndogo, tukamzunguka.

Dakika ya themanini hivi mtangazaji alikuwa bado anasema kona inakwenda kupigwa. Ukuta ulinguruma. Tuliusikia kwa miguu kabla ya masikio. Sisi wa nje tukatazamana, hatujui ni wa nani, Simba na Yanga tumeshikana mikono, tukiisubiri redio itufikie na kutuambia ni Taddeo Lwanga.