Sarakasi na Wale Saba wa Tervuren



Majuzi mtoto wa jirani yangu aliniuliza, "Mzee, sarakasi ilianza wapi?" Swali fupi, jibu refu.

Sarakasi tuijuayo ilianza London mwaka 1768. Philip Astley, aliyewahi kuwa askari wa farasi, alionyesha watu namna ya kusimama mgongoni mwa farasi anayekimbia. Farasi akikimbia kwa kuzunguka duara, mpandaji husimama imara zaidi. Duara la Astley lilikuja kuwa na upana wa mita 13 hivi, kipimo kinachotumika hadi leo. Baadaye akaongeza wachekeshaji, waruka samasoti na watembea juu ya kamba. Simba na tembo walikuja katika karne ya 19.

Brussels nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1878 ilifungua Cirque Royal. Jengo hilo lilijengwa upya miaka ya 1950, na leo wengi wetu tunalijua kwa matamasha ya muziki.

Lakini karne hiyohiyo ilileta na aibu. Watu waliozoea kulipa kiingilio watazame wanyama wa mbali walianza kulipa watazame binadamu wa mbali. Mwaka 1897, wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels, Wakongo 267, wake kwa waume na watoto, waliletwa Tervuren wakawekwa katika vijiji vya maigizo. Zaidi ya watu milioni moja walikwenda kuwatazama, wengine wakiwatupia vyakula. Saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren.

Mwaka 1958 mambo yakajirudia pale Heysel. Safari hii Wakongo waliowekwa kijijini walichoka kutukanwa na kutupiwa ndizi. Mwezi wa Julai wakafunga virago, wakarudi kwao, maonyesho yakiwa bado yanaendelea.

Mwanasarakasi naye hutazamwa, tena kwa kiingilio. Ila yeye amejifunza kazi, amekubali mkataba, na watu wanampigia makofi kwa anachokiweza. Wale wa Tervuren walitazamwa kwa rangi yao tu.

Neno tumelikopa kwa Waingereza, lakini Mswahili akisikia fulani anaruka sarakasi, hawazi simba wala hema. Anawaza mwili wa binadamu na mazoezi yake. Mjini Nairobi, Sarakasi Trust ilianzishwa mwaka 2001 kuwafunza vijana kazi hiyo, na wanasarakasi wa Afrika Mashariki huzunguka Ulaya wakijipatia riziki. Ubelgiji yenyewe ilipiga marufuku wanyama wa mwituni katika sarakasi mwaka 2014.

Mtoto yule nimemwahidi kumpeleka kutazama sarakasi. Lakini kwanza tutapanda tramu namba 44 pale Montgomery hadi Tervuren, tukawasalimie wale saba kwa majina yao.

Alamsiki.