Umenyanyua gari? Usinunue rimu kabla ya kusoma namba za tairi

Kaka yangu alirudi nyumbani Goba jioni moja na Prado yake ikiwa imevaa viatu vipya. Matairi mapana ya matope, rimu nyeusi zilizotokeza nje ya fenda, na gari lenyewe lilikuwa limenyanyuliwa inchi 2 wiki mbili kabla. Picha ikapigwa, status ikawekwa, watu wakamwaga moto kwenye comments.

Kesho yake asubuhi akakata kona kuingia barabarani. Krrrr! Tairi la mbele linasugua bampa. Baada ya miezi michache beringi ya mbele ikaanza kuvuma, mlango wa nyuma ukawa unagoma kufunga vizuri kwa uzito wa spea tairi, na kila tukienda Morogoro anakuwa wa mwisho kupanda mlima. Aliyemuuzia rimu alimwambia kitu kimoja tu: "zinaingia". Kweli ziliingia.

Tatizo la bro lilianzia kwenye mpangilio. Alinunua rimu kwanza, halafu tairi la kufanana na rimu, bila kujiuliza gari linafanya nini Jumatatu hadi Ijumaa. Ukitaka gari la kunyanyuliwa ambalo bado ni la kuendea kazini, anza na tairi. Rimu inakuja mwisho.

Hapa tutatumia Toyota Land Cruiser Prado ya 120, ile ya mwaka 2002 hadi 2009, kwa sababu imejaa mtaani. Kama una Hilux, Patrol au Jimny, hesabu zitabadilika lakini njia ni ileile.

Kwanza, kunyanyua kunasaidia nini?

Watu wengi hawajui hili: ukibadilisha springi na shokapu, unanyanyua bodi na chasisi. Difu ya nyuma inabaki palepale. Prado 120 ina ekseli nzima nyuma, na lile bonge la difu ndilo linalogonga mawe na matuta ya katikati ya njia. Kitu pekee kinacholipandisha ni tairi refu zaidi.

Na linapandisha kwa nusu tu. Tairi likiongezeka urefu milimita 26, difu inapanda milimita 13, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli.

Kwa hiyo springi zinakupa nafasi ya kuweka tairi kubwa na kuzuia tumbo la gari lisiguse. Kwa mbele ya Prado, ishia kwenye inchi 2 hivi. Ukizidi hapo viungo vya ekseli za mbele vinakaa kwa pembe kali, vinachakaa haraka, na utaambiwa ununue na mikono ya juu ya sasipensheni. Bajeti inahama.

Soma namba

Ubavuni mwa tairi la kiwandani la Prado nyingi utakuta 265/65R17 na pembeni yake 112S au kitu kinachofanana.

265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. 17 ni rimu kwa inchi. 112 ni uzito: tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. Herufi ni mwendo wa juu kabisa: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190.

Ukipiga hesabu, 265/65R17 lina urefu wa milimita 776 kutoka chini hadi juu. Sasa linganisha na saizi mbili ambazo kila mwenye Prado iliyonyanyuliwa anazitamani.

265/70R17 lina milimita 803. Ni refu kwa asilimia 3.4, na difu inapanda milimita 13.

285/70R17 lina milimita 831. Ni refu kwa asilimia 7, na difu inapanda milimita 27. Hili ndilo alilonunua bro.

Milimita 27 inaonekana tamu kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba kwenye Prado yenye inchi 2, tairi la 285 mara nyingi halizunguki bila kukata plastiki za ndani ya fenda, na wakati mwingine inabidi kugonga au kukata chuma nyuma ya gurudumu la mbele. La 265/70, kwa rimu sahihi, kwa kawaida linaingia bila vurugu. Tena ndilo lililokuja na FJ Cruiser kutoka kiwandani, kwa hiyo si saizi ya ajabu.

Na hilo la kutokuwa saizi ya ajabu lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tairi likipasuka Dodoma au Makambako saa moja usiku, unataka saizi ambayo duka la kwanza au la pili linayo. Kabla hujalipia, piga simu maduka matatu ya mikoani uliza kama wanaiuza. Wakicheka, umepata jibu.

Mshale unadanganya, tochi haidanganyi

Tairi refu linatembea umbali mrefu zaidi kwa mzunguko mmoja, lakini dashibodi haijui. Mshale ukionyesha 50 kwenye kibao cha kijijini, ukiwa na 265/70 unaenda kama 51.7. Ukiwa na 285/70 ni 53.5. Magari mengi kutoka kiwandani huonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko wa kweli, kwa hiyo asilimia 3 inaweza kumezwa. Asilimia 7 ni ya kuiangalia, na trafiki mwenye tochi hatakusikiliza ukimweleza habari za kipenyo.

Jambo hilohilo linaharibu hesabu zako za mafuta. Odomita ikisoma kilomita 10,000, gari lenye 285/70 limetembea kama 10,700. Ukigawa lita kwa kilomita za dashibodi, gari litaonekana linakula kuliko uhalisia, na oili utakuwa unachelewa kuibadilisha. Ukitaka ukweli, pima kwa GPS ya simu.

Lakini usijifariji sana, mafuta yataongezeka kweli. Tairi la matope la 285 linaweza kuzidi la kiwandani kwa kilo 8 au zaidi, kila moja, na huo ni uzito unaozunguka: injini inahangaika kuuzungusha, breki zinahangaika kuusimamisha. Kama Prado yako ni ya petroli ya 2.7, ile inayopatikana sana, utalijua hili siku utakapopanda Kitonga na gia zinabadilika juu chini kama haziamini.

Breki ndizo za kukunyima usingizi zaidi. Gari limeinuka, uzito umekwenda juu, tairi zito, na mbele yako bodaboda amekata ghafla. Umbali wa kusimama unaongezeka, na ukikwepa kwa nguvu gari linalala ubavu zaidi kuliko zamani. Anayekuuzia hataligusia hilo.

A/T au M/T?

Jibu langu kwa mtu wa mjini ni A/T, na sioni mjadala mrefu hapo.

H/T ni ya lami, kashata zake ni za kubanana. A/T ni ya kuchanganya: lami, vumbi, changarawe, matope ya wastani. M/T ni ya matope, kashata kubwa zenye mapengo mapana ili udongo utoke.

Mapengo hayohayo yanapunguza mpira unaogusa lami. Lami ikilowa, M/T nyingi zinateleza mapema na kuchelewa kusimama. Kwenye mwendo wa 90 zinavuma mpaka unapandisha redio. Na ukizifanyia safari za Posta kila siku zinaisha haraka, tena kwa mabaka.

Haimaanishi M/T ni mbaya. Kama shamba lako liko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi na masika unaingia kila wiki, kashata za A/T zitajaa udongo na kuwa kama tairi kipara, utakaa pale hadi trekta lije. Hapo nunua M/T na uvumilie kelele. Ila jiulize kwa uaminifu: mwezi uliopita uliingia kwenye matope ya namna hiyo mara ngapi?

Kitu kingine ni herufi LT mwanzoni mwa saizi. Hizo ni tairi zenye ubavu mnene, za kubeba mzigo na kustahimili mawe. Nzuri kwa safari ngumu, lakini ni nzito, zinarusha zaidi kwenye matuta, na kwa mzigo uleule zinahitaji upepo zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kwa gari la mtu mmoja na laptop, LT ni nguvu za bure.

Sasa rimu

Ukishajua tairi, rimu ni kujibu maswali machache.

Matundu: Prado 120 ni nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Patrol Y61 pia ni 6 kwa 139.7, Jimny ni 5 kwa 139.7, Land Cruiser 100 ni 5 kwa 150. Usikubali "tutatoboa".

Tundu la katikati: habu ya Prado ina milimita 106. Rimu ikiwa na tundu dogo haiingii, ikiwa na kubwa sana inabebwa na nati peke yake na stering inaweza kutetemeka.

Ofseti: hapa ndipo bro alipoumia. Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na pale rimu inapokaa kwenye habu. Ikiwa ya kujumlisha gurudumu linaingia ndani, ikiwa ya kutoa linatoka nje. Rimu nyingi za Prado za kiwandani ni upana wa inchi 7.5 na ofseti +30. Yeye alinunua inchi 9 zenye -12. Hesabu yake: ukingo wa nje umetoka milimita 61 zaidi.

Sentimita 6! Gurudumu lililotoka hivyo linachora duara kubwa unapokata kona, ndiyo maana linakwaruza bampa, na linaning'inia mbali na beringi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Matope nayo yanaruka hadi kwenye vioo. Kwa gari la kila siku baki na inchi 7.5 au 8, ofseti kati ya +10 na +30. Namba imegongwa nyuma ya rimu, mara nyingi baada ya herufi ET. Spesa zinafanya kazi ileile ya kulitoa gurudumu nje, kwa hiyo usidhani umekwepa.

Ukubwa: baki na 17. Rimu ya 20 inapendeza kwenye picha, lakini ubavu wa tairi ndio mto wako kwenye mashimo, na rimu kubwa inaula. Hata 16 si aibu: 265/70R16 lina urefu karibu sawa na lile la kiwandani na ubavu mnene zaidi. Jaribu kwanza kama kalipa za breki zinapita.

Nati: Rimu za aloi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za dukani zinataka nati zenye kichwa cha koni. Ukifunga zile bapa kwenye shimo la koni zinaonekana zimekaza, halafu zinalegea ukiwa njiani. Dai nati sahihi, zikazwe kwa spana ya kipimo kwenye Nm 112 kwa Prado, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Bunduki ya upepo ya gereji haipimi chochote.

Kabla hujatoa pesa

Angalia umri wa tairi. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanataka tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na liondolewe likifika 10, hata kama kashata zimejaa. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na ubavu wenye nyufa ndogondogo, liache hapohapo.

Nunua matano. Prado ni 4x4 muda wote, ina difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukifunga spea ya saizi nyingine ukaendesha mbali, difu hiyo inafanya kazi bila kupumzika na inachemka. Kama spea yako inaning'inia mlango wa nyuma, kagua bawaba zake kabla ya kuiongezea uzito.

Mwambie fundi afunge tairi moja tu la mbele kwanza, kata stering mwisho kushoto, mwisho kulia, mbele na rivasi, kisha pandisha gurudumu moja kwenye ukingo wa barabara urudie. Likigusa, hujanunua bado. Ukishafunga yote, fanya alaimenti, kwa sababu gari lililonyanyuliwa bila alaimenti hula tairi upande mmoja.

Mpigie na wakala wako wa bima umweleze ulichobadilisha. Ni simu ya dakika tano.

Bro ameuza zile rimu kwa hasara na amerudi kwenye rimu zake za kiwandani na 265/70 A/T. Gari bado limenyanyuka, bado linapigwa picha. Beringi alibadilisha mbili.