Chora kwa Daftari, AI Ikuundie Tovuti: Rada Iko Hivi

Una wazo la tovuti lakini kuandika msimbo hujui, na msee wa kukuundia anataka ganji huna. Siku hizi unachora wazo lako kwa karatasi, unapiga picha, AI inakuandikia msimbo. Si uchawi. Lakini kabla uanze kuchukua doh za watu, elewa inafanya nini na inaacha nini.

Ilitoka wapi?

Mwaka wa 2017, Tony Beltramelli alitoa utafiti wa pix2code: mashine inaangalia picha ya skrini, inatoa msimbo wake. 2018 Microsoft wakaleta Sketch2Code, ya kusoma michoro ya mkono. Kilichoshtua wengi kilikuja 14 Machi 2023, OpenAI wakizindua GPT-4. Greg Brockman alionyesha mchoro wa tovuti ya vichekesho kwa daftari, mwandiko wa haraka tu, akaupiga picha, na ukurasa ukatokea ukifanya kazi. Novemba mwaka huo tldraw wakaleta Make Real: unachora kwa skrini, unabonyeza, mchoro unakuwa kitu cha kutumia. Leo ChatGPT, Claude na Gemini zote zinasoma picha ya mchoro.

Inafanyaje?

AI imefunzwa kwa picha na misimbo mob sana. Ikiona sanduku refu jembamba, inakisia ni mahali pa kuandika. Sanduku lenye X ndani ni picha. Mistari ya mawimbi ni maandishi. Kisha inaandika HTML, ambayo ni mifupa ya ukurasa, CSS ya rangi na mpangilio, na JavaScript ya vitendo. Shika hilo neno "inakisia". Kile hukuiambia, itajijazia.

Jaribu hivi

Tuseme unamuundia kinyozi wa mtaa ukurasa wa kubuku nafasi.

1. Tumia kalamu nyeusi. Skrini moja, karatasi moja, kwa umbo la simu.
2. Andika maneno halisi: "Nywele na ndevu, 200", si "maandishi hapa".
3. Piga picha kwa mwangaza poa, kivuli cha mkono kisiingie.
4. Tuma picha pamoja na maelezo. Mtu akibonyeza "Buku", nini kinafanyika? Namba ya simu iwe na tarakimu 10, ianze na 07 au 01. Na wasee wawili wakichagua saa nne, nani anapata?
5. Fungua kwa simu yako, bonyeza kila kitu. Ikikataa, ieleze AI ulichobonyeza na ulichoona. Usianze upya.

Hapa ndipo wengi huchomeka

Mchoro unaonyesha sura ya duka, hauonyeshi stoo. Ukurasa unaweza kuandika "Umepata nafasi" na jina halijahifadhiwa popote, ama limebaki kwa simu ya mteja pekee. Jumamosi mteja anafika, kinyozi hana habari, na wewe ndiye unapigiwa simu. Kwa hivyo buku kwa simu moja, kisha cheki kwa simu ingine kama hiyo nafasi inaonekana.

Malipo pia. Batani ya "Lipa na M-Pesa" uliyochora ni rangi tu. Ili ilete pesa lazima iunganishwe na Daraja, mfumo wa Safaricom wa waundaji programu, na huo una funguo za siri. Usiziweke kwa msimbo wa ukurasa, mtu yeyote anaweza kuufungua kwa kompyuta yake na kuzisoma. Zikae kwa seva.

Ukikusanya majina na namba za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Omba kile unahitaji tu.

Ukitaka kuuza kazi

Tumia mchoro kumuonyesha mteja wazo siku hiyo hiyo, lakini mwambie wazi hiyo ni sampuli. Bei ya sampuli iwe yake, na ya kazi iliyojaribiwa iwe yake. Ukipata mstari wa msimbo huuelewi, iambie AI ikueleze pole pole. Ukishindwa kabisa na malipo, lipa msee anayejua akumalizie hapo tu. Bado utakuwa umeokoa ganji mob.