Grisi na spana zifaazo beringi za baiskeli Migori na Homa Bay

MAJI na mchanga ndio maadui wakuu wa beringi za baiskeli katika kaunti za Migori na Homa Bay, na hao ndio wanaopaswa kuamua ni grisi ipi inunuliwe. Joto na kasi, ambazo huwashughulisha sana wenye magari, si hoja hapa. Baiskeli iendayo kilomita 15 kwa saa huzungusha gurudumu kama mara 110 au 120 kwa dakika, na kitovu chake hakipati moto wa kutajika.

Ingawa pikipiki zilitwaa sehemu kubwa ya abiria tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, baiskeli kubwa nyeusi ijulikanayo kama Black Mamba ingali inabeba omena, mitungi ya maji, makaa na mahindi. Katika fuo za Mbita, Kendu Bay, Sori na Muhuru Bay, si ajabu kuiona ikisukumwa ziwani ili ioshwe au ipakiwe mitungi. Maji yakifika kwenye ekseli, hupenya ndani pamoja na mchanga. Ndhiwa na Bonde la Lambwe nako kuna udongo mweusi unaonata wakati wa masika. Macalder, kunakochimbwa dhahabu, barabara zina vumbi la mawe ya kwatzi, ambayo ni magumu kuliko chuma cha beringi. Chembe chache za vumbi hilo zikichanganyika na grisi, hugeuka kuwa msasa.

Kitovu cha baiskeli ya aina hii ni chepesi kueleweka. Kila upande una kikombe cha chuma, duara la gololi na koni iliyoskurubiwa kwenye ekseli. Kwa kawaida gurudumu la mbele huwa na gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, nalo la nyuma 9 za robo inchi. Kinachozuia uchafu ni kifuniko chembamba cha bati tu. Hakuna mpira wa kuziba. Kwa hivyo grisi ina kazi mbili: kutenganisha chuma na chuma, na kuwa mlango.

Grisi yoyote ni mafuta yaliyogandishwa, mara nyingi kwa aina fulani ya sabuni, na sabuni hiyo ndiyo ya kuchunguzwa kabla ya kulipa. Grisi ya kalsiamu hustahimili maji vizuri sana. Udhaifu wake ni kuyeyuka mapema katika joto kali, jambo ambalo mwenye lori atalijali lakini mwenye baiskeli hana haja nalo. Ile ya lithiamu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi madukani, huvumilia maji kwa kiasi cha kuridhisha, nayo yafaa kabisa. Grisi ya sodiamu huyeyuka majini na haifai kando ya ziwa. Asiyeweza kusoma maandishi ya mkebe, au anayepimiwa kijiko kwenye karatasi, na asugue kidogo kati ya vidole pamoja na matone ya maji: ikigeuka uji mweupe upesi na kuteleza ikaondoka, na aiache.

Uzito wa grisi hutajwa kwa namba za taasisi ya Marekani iitwayo NLGI, na namba 2 ndiyo ya kutafutwa. Rangi haisemi lolote. Nyekundu, buluu au kijani ni rangi iliyotiwa kiwandani, na muuzaji anayesifu grisi kwa wekundu wake anauza rangi.

Vibadala vya nyumbani vimeharibu vitovu vingi. Mafuta ya kupaka mwilini hulegea katika jua la mchana. Ya kupikia huganda na kunata kama gundi. Oili chakavu ya injini, ambayo hupatikana bure kwenye gereji, hubeba masizi na vumbi la chuma, kisha huvuja yote. Vitovu vya zamani vyenye tundu la kutilia oili navyo vina hatari yake: oili nyepesi ikimiminwa humo huiosha grisi na kuitoa nje.

Kuhusu vifaa, kimoja hakina mbadala, nacho ni spana nyembamba ya koni. Bapa za koni ni nyembamba mno hata spana ya kawaida haiingii, na hapo ndipo fundi asiye na subira huchukua tindo na nyundo. Koni iliyogongwa hupinda au kupasuka, na gololi huanza kutafunwa. Spana ya milimita 13, 14 au 15 hutumika mara nyingi, ila vipimo hutofautiana. Heri kwenda dukani na koni yenyewe. Fundi wa jua kali aweza pia kuipunguza unene spana ya kawaida kwa jiwe la kusagia hadi milimita mbili hivi, mradi aipoze majini kila mara, maana chuma kikibadilika rangi kwa moto hupoteza ugumu wake. Vingine ni spana ya nati, bisibisi bapa, kitambaa kikavu, mafuta ya taa na sumaku ya spika mbovu ya kuokotea gololi.

Kuongeza grisi mpya juu ya chafu ni kazi bure. Gololi huhesabiwa zikitolewa, na vyote huoshwa kwa mafuta ya taa na kuachwa vikauke kabisa. Upande wa mnyororo, uliofichwa na gia ya nyuma, usisahauliwe. Koni yenye vishimo itupwe. Gololi zibadilishwe zote kwa pamoja, kwani mpya ikichanganywa na zilizolika, hiyo mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote. Kikombe kijazwe grisi bila ubahili. Itakayozidi itatoka yenyewe na kuziba ukingoni.

Koni hukazwa kwa vidole hadi mtikisiko uishe, hurudishwa kidogo mno, kisha hushikiliwa kwa spana nyembamba huku nati ikikazwa. Gurudumu likiinuliwa na kuachiliwa, uzito wa vali peke yake wapaswa kulizungusha hadi vali itulie chini. Likikwama, koni imebana; likicheza kushoto na kulia, imelegea.

Kwa baiskeli ya mizigo, kazi hii yafaa kufanywa kabla ya mvua za Machi na tena zinapokwisha mwezi Mei. Iliyozama hadi ekseli ifunguliwe wiki hiyo hiyo, hata kama bado inazunguka vizuri.