Chuma cha umma Kigoma: Safari ya ununuzi kutoka Papenburg hadi Simbo

SIMBO, katika Wilaya ya Kigoma, ndiko inakoanzia barabara ya kwenda Ilagala na Kalya, kusini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Malori ya vifaa vya ujenzi hupita hapo yakiwa na saruji, mabati na nondo zilizokunjwa katikati ili zienee kwenye bodi. Sehemu ya mzigo huo ni mali ya umma, inayokwenda kuwa darasa au zahanati.

Kabla nondo hizo hazijazikwa kwenye zege, hupita mikononi mwa wananchi wenyewe. Kamati ya manunuzi hulinganisha bei za maduka, kamati ya mapokezi huhesabu na kupima mzigo ukishuka, na kamati ya ujenzi humsimamia fundi. Utaratibu huu, ambao watu wameuzoea kwa jina la fosi akaunti, ndio uliojenga madarasa mengi ya miaka ya karibuni.

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa zaidi ya karne moja, chuma cha serikali kilifika Kigoma kikiwa kimechaguliwa mbali: Ujerumani, London, Beijing, Seoul au, kwa karibu zaidi, Dar es Salaam. Mwana Kigoma alikibeba, akakigonga ribiti na kukipaka rangi. Hakuulizwa kinunuliwe wapi.

Wahunzi waliosahauliwa

Chuma hakikuletwa huku na wakoloni. Kusini mwa ziwa, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu. Upande wa kaskazini-mashariki, majembe ya wahunzi wa Usumbwa yalitembea masoko ya Unyamwezi na kwingineko, yakikubalika katika biashara kama fedha na katika posa kama mahari. Kule Buhaya, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita.

Ujuzi huo haukufa kwa siku moja. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliuzwa kwa bei ya chini, na serikali za kikoloni, zilizokuwa wanunuzi wakubwa kuliko wote, hazikumwagiza mhunzi hata msumari.

Meli ndani ya masanduku

Ununuzi mkubwa wa kwanza wa chuma cha serikali kwa ajili ya Kigoma ulikuwa wa Wajerumani. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya mkandarasi Philipp Holzmann wa Frankfurt, ukafika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ya upana wa milimita 1,000 ilikuwa na urefu wa takriban kilometa 1,250.

Nyuma yake ikaja meli. Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Kigoma. Mafundi wachache kutoka Papenburg, pamoja na vibarua wengi wa huku, waliunganisha mabamba kwa ribiti, na meli ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokimbia, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi isishike kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mwongozo wa ununuzi wa enzi ile ulikuwa mwepesi kuueleza: fedha ya Ujerumani hununua chuma cha Ujerumani.

Oda zinazopita London

Waingereza waliposhika Tanganyika, mlango wa manunuzi ulihamia London. Makoloni na nchi za udhamini ziliagiza vifaa vyake kupitia Crown Agents, ofisi iliyotafuta wauzaji, kukagua mizigo na kuisafirisha. Idara ya reli ilipohitaji vyuma vya daraja, oda yake ilikwenda huko.

Mwaka 1929 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo ya makoloni iliyoruhusu hadi pauni milioni 1 kwa mwaka. Sheria hiyo ilitamka wazi kwamba misaada ya kilimo na viwanda vya makoloni ilenge pia kukuza biashara na viwanda vya Uingereza. Wakati ule ajira zilikuwa haba kule kwao, na kila daraja lililojengwa Afrika lilikuwa kazi kwa kiwanda cha huko.

Uhuru, Tanga na foleni ya bati

Baada ya uhuru, zabuni kubwa za serikali zilisimamiwa na Bodi Kuu ya Zabuni, Dar es Salaam. Swali likabaki lile lile: nani ana fedha? Jibu la kishindo lilikuja na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Vyuma vya kilometa 1,860 vilitoka China, na hata gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu.

Serikali ya Mwalimu Nyerere haikukaa tu kusubiri. Kiwanda cha kusokota chuma kilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mkakati wa viwanda mama wa mwaka 1975 uliweka chuma mbele. Udhaifu wake ulikuwa kwenye malighafi, kwani kiwanda cha Tanga kilitegemea vipande vya chuma ghafi kutoka nje. Fedha za kigeni zilipokauka kuelekea miaka ya 1980, mashine zilikosa cha kusokota. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka bati na nondo za RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, zilizopatikana kwa kibali, na misingi ya majengo ya umma iliyoota majani.

Sheria mpya, mazoea ya zamani

Sheria za ununuzi wa umma za mwaka 2001, 2004 na 2011 zilivunja ukiritimba wa bodi moja na kuweka ushindani na udhibiti. Ile ya mwaka 2023 imeongeza uzito wa upendeleo kwa Watanzania, na kanuni zake za mwaka 2024 zimetenga kwa kampuni za wazawa zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50.

Lakini miradi mikubwa huvuka kiwango hicho, na mikopo huja na masharti yake. Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi, lenye urefu wa mita 275, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na mkandarasi wa Korea Kusini. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ilisainiwa Desemba 2022 na kampuni za China. Ukarabati wa Liemba umeihusisha kampuni ya Croatia.

Ni lazima tuwe wakweli kuhusu kinachowezekana. Nondo tunazimudu: viwanda vyetu huyeyusha chuma chakavu, hukimimina kuwa vipande, kisha hukisokota. Reli ni jambo jingine. Inataka chuma safi, kaboni iliyopimwa kwa makini na mtambo mrefu wa kuisokota, na hakuna kiwanda cha namna hiyo Afrika Mashariki. Hata hivyo, mataruma ya zege ya kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro yalitengenezwa Soga, mkoani Pwani. Palipo na oda ya uhakika, kiwanda husimama.

Hapo ndipo Liganga inapoingia. Mlima huo wa Ludewa unakadiriwa kuwa na tani milioni 126 za mawe ya chuma, na makaa ya Mchuchuma yako jirani. Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011. Wananchi wamelipwa fidia, lakini chuma bado kiko mlimani.

Somo la Simbo

Mwaka 2021 serikali ilipotumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa IMF kujenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, nchi nzima iliingia madukani kwa wakati mmoja, na bei za nondo na mabati zikapanda. Kamati za vijiji zilibaki kubana matumizi ili fedha itoshe. Kiwanda hakiwezi kujiandaa kwa oda kisizozijua.

Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa chuma nchini. Ikitangaza miaka mitano mapema kwamba shule, vivuko, madaraja na nguzo za umeme zitahitaji tani kadhaa za nondo, mabamba na vyuma vya pembe, na kwamba kiasi fulani lazima kiyeyushwe hapa kwa viwango vya TBS, mwekezaji wa Liganga atakuwa na soko la kwenda nalo benki. Mikataba ya mikopo nayo itamke ni vijana wangapi watajifunza kuchomelea na kukagua vyuma hivyo, kwa majina na vyeti.

Kamati za Simbo zimeshathibitisha kwamba mwananchi anaweza kuuliza bei, kupima unene na kurudisha mzigo usiofaa. Orodha ya kamati ya mapokezi iongezewe safu moja: chuma hiki kimeyeyushwa wapi? Majibu yake yakikusanywa wilaya kwa wilaya, Wizara ya Fedha itajua kila mwaka ni shilingi ngapi za darasa la Simbo zimelipa mshahara wa Mtanzania, na ni ngapi bado zinapanda meli.